Manesi na wakunga tupeane uzoefu: kwa nini hatudumu kazini, na anayedumu anashikiliwa na nini?

Mleta mada

Wakuu habarini za zamu. Uzi huu naomba tuusimulie wenyewe: manesi, wakunga, wahudumu wa afya, na hata nyie mnaoishi na sisi nyumbani. Nini kilikutoa kazini? Na kama hujatoka, nini kinakushikilia? Za "muachie Mungu" nimeshapewa za kutosha, nataka visa.

Naanza mimi. Nina stashahada ya uuguzi, leseni iko hai, na tangu nihitimu nimezunguka hospitali binafsi za Dar mpaka mama mzazi ananiuliza kama nina mkosi. Hii ya mwisho nilikuwa wodi ya wanaume, naiti, manesi wawili wodi nzima. Alfajiri mwenzangu kaitwa leba kusaidia, mimi niko na mzee mmoja aliyewekewa oksijeni. Narudi upande wa pili nakuta kitanda kitupu. Kanula imechomolewa vizuri kabisa, imelazwa juu ya mto na plasta yake, dripu inatiririka sakafuni. Mgonjwa katoroka na bili. Mpaka leo sijui nani alimfundisha kuchomoa kanula bila kuacha hata tone la damu kwenye shuka, wanafunzi wetu wenyewe hawawezi.

Mwisho wa mwezi mhasibu akatuita. Bili imegawanywa kwa waliokuwa zamu. Nikauliza mbona mlinzi wa getini hayumo, nikajibiwa mlinzi ni wa kampuni. Nikaandika barua ya kuacha kazi palepale kwenye benchi la mapokezi. Vyeti vyangu halisi walivishikilia tangu siku ya kuajiriwa, kuvipata tena ilikuwa kesi nyingine.

Lakini kinachoniuma si hela. Yule mzee wa oksijeni alipona. Siku anaruhusiwa akanishika mkono, akaniita mwanangu, akaniombea dua ndefu, na mimi muda wote kichwani napiga hesabu ya makato. Dua yote ilinipita. Ndiyo nauliza, nimechoka na kazi au nimechoka na waajiri?

Sista wa Zahanati

Pole dada. Mimi niko serikalini, nilipangiwa na TAMISEMI zahanati ya kijijini, mkoa wa Katavi. Watu wakisikia ajira ya kudumu wanadhani shida zimeisha. Kwenye karatasi tulikuwa mganga mfawidhi, mimi na mhudumu wa afya. Mganga akiitwa semina wilayani, na semina za wilayani haziishi, nabaki mimi: kliniki ya watoto asubuhi, wagonjwa wa nje mchana, vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za taarifa za afya, jioni, na usiku bodaboda inaleta mjamzito.

Kuna usiku walikuja wawili. Wa kwanza njia imefunguka sentimita 9. Wa pili ni uzazi wake wa kwanza, miguu imevimba, presha iko juu. Betri ya sola ikakata. Nikabana simu kwa meno ili tochi imulike, mate yananichuruzika hadi kwenye aproni, mikono yote iko kwenye kichwa cha mtoto, masikio yako kwa yule mwingine asije akapata kifafa cha mimba. Mama mkwe wa yule wa kwanza ndiye alikuwa mshika taulo. Magnesiamu, dawa ya kuzuia hicho kifafa, nilikuwa nayo, bahati. Gari la wagonjwa lilifika kumekucha. Mama wote wazima, watoto wote wazima.

Baada ya hapo wakaja wasimamizi kukagua. Swali la kwanza: patografu (chati ya kufuatilia uchungu) ya mama wa pili mbona haijajazwa?

Nikaanza kuomba uhamisho, na sikuwa nachagua mkoa. Sasa sikilizeni. Kabla haujatoka, tukaletewa nesi wa pili, kijana tu katoka chuo. Mshahara ni uleule, sola ni ileile, kijiji ni kilekile. Ila nikitoka leba kuna mtu wa kumwambia "umeona ile?" na tunacheka, au tunalia, halafu mmoja anakwenda kulala. Sijafuatilia uhamisho tena. Kwa hiyo mleta mada, jiulize kwanza ulikuwa unafanya kazi na nani, ndipo uulize unamfanyia nani.

Mteja

Samahani nitawakera. Mnalalamika, lakini midomo yenu je? Mke wangu alijifungua huku anaulizwa "wakati unatafuta mimba ulikuwa unalia hivi?" Na huo tuite uchovu?

Kaka Nesi

@Mteja hujatukera. Huo si uchovu, ni utovu wa nidhamu, na Baraza la Uuguzi na Ukunga lina mamlaka ya kumwita mtu wa hivyo na hata kumfutia usajili. Ungeandika jina lake na tarehe ukapeleka malalamiko, wengi wetu tungekuunga mkono, maana yule ndiye anatufanya tuogopwe.

Ila nimeona pia jinsi mtu anavyofika hapo. Kuna dada tulianza naye kazi, alikuwa mpole kiasi kwamba wagonjwa walimtafuta kwa jina. Mama mmoja alifia mikononi mwake kwa kutokwa damu, damu ya kuongezewa haikuwepo. Hakuna aliyekaa naye chini kumuuliza anaendeleaje. Aliitwa kwenye kikao cha kujadili kifo, akaandika maelezo, akarudi zamu. Kuanzia hapo sauti yake ikawa kubwa. Akipiga kelele ndivyo anavyojizuia asimzoee mgonjwa tena. Simtetei, nakueleza nilichokiona.

Mimi mwenyewe ni mwanaume wa wodi ya watoto. Nikiingia naitwa dokta, nikisema mimi ni nesi ndugu wanatazamana. Nimeshazoea, na ile wodi siitoki. Mtoto aliyekuja amelegea kwa malaria kali, ukamchoma artesuneti usiku, asubuhi unamkuta anagombea uji na mwenzake. Hiyo hailipwi na mtu.

Aliyekuwa CTC

Kisa changu ni tofauti. Kazi iliyoniridhisha kuliko zote ndiyo iliyokatika ghafla kuliko zote.

Niliacha halmashauri nikaenda mradi uliokuwa ukifadhiliwa na Marekani, kliniki ya tiba na matunzo ya VVU (CTC). Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwafuatilia wateja walioacha dawa. Unakwenda nyumbani kwa mtu bila sare, bila gari lenye nembo, unajifanya shangazi wa kanisani. Anakukana mara ya kwanza. Anakukana tena. Siku anarudi kliniki mwenyewe, na baada ya miezi kipimo kinaonyesha wingi wa virusi umeshuka, raha yake siwezi kueleza. Daftari langu nilikuwa nalijua kwa namba za watu, si kwa majina.

Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada ya nje. Kwetu ilikuja ujumbe wa simu jioni: kuanzia kesho msifike kituoni. Simu za wateja zikaendelea kuingia, "sista dawa nichukulie wapi?" Nikawa nawaelekeza kwa manesi wa serikali waliobaki, ambao nao tayari walikuwa wamezidiwa.

Sasa niko kwenye duka la dawa muhimu la ndugu yangu. Mauzo mazuri, nalala usiku. Ila mtu akija kununua panadoli ya mtoto, najikuta namhoji kama niko kliniki: kaanza lini, anaharisha, kadi ya chanjo iko wapi. Ndugu yangu ananiambia foleni inajaa, muuzie aende.

Afisa Rasilimali Watu

Mimi si nesi, lakini nimeajiri manesi wengi sekta binafsi, na baadhi ya mnayoyasimulia mnayavumilia bure. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema hivi.

Kumkata mfanyakazi mshahara kwa hasara kuna masharti: maandishi, kiasi kielezwe, na apewe nafasi ya kupinga. Kugawanya bili ya mtoro kwa waliokuwa zamu mezani kwa mhasibu hakufanani na hilo hata kidogo. Saa za kazi za kawaida ni 45 kwa wiki. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Fungueni hati zenu za mshahara muone kama ipo. Ukiachishwa na ukaona si halali, una siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ila kama hujamaliza miezi 6 kwa mwajiri huyo, kinga ya kuachishwa isivyo halali haina nguvu kwako, na baadhi ya waajiri wanalijua hilo kuliko nyinyi. Anayewazungusha mikataba ya miezi mitatu mitatu hafanyi kwa bahati mbaya.

Nesi wa Kaunti

Salamu kutoka Kenya. Hapa kazi ya kudumu ni kitendawili. Afya ilipopelekwa kwa kaunti mwaka 2013, kila kaunti ikawa na mambo yake. Mgomo wa 2017 ulianza Juni ukaisha Novemba, mimi nikiwa mgeni kabisa kazini; nilikula akiba yangu yote na ya mama. Kisha 2020, wakati wa korona, nikachukua kandarasi ya UHC, mpango wa serikali wa afya kwa wote, miaka mitatu, malipo chini ya wenzangu wa kudumu tuliokuwa tunavaa nao barakoa moja.

Nikaondoka. Niko Uingereza sasa. Nisiwadanganye, hela ni nzuri ukilinganisha na nyumbani, lakini kabla ya kupita OSCE, mtihani wa vitendo wa kusajiliwa unesi, unalipwa daraja la chini, na kwa huo mtihani unafundishwa upya hata kunawa mikono. Nesi wa miaka yote hiyo naambiwa sijasugua kidole gumba vizuri! Nilipita, nikapata PIN, namba ya usajili. Zamu ni saa 12 na zaidi, lakini kila kifaa ninachotaka kipo, na nikisema "hapa si salama" kuna fomu na kuna mtu anaijibu. Kinachonikosesha usingizi ni kingine. Wazee ninaowahudumia wanafariki bila mtu pembeni, na mimi ndiye ninayewashika mkono, huku mama yangu Kakamega anashikwa na mtoto wa jirani ninayemtumia pesa.

Mume wa Nesi

Mimi nasoma tu, ila mtambue: mkirudi kutoka naiti na kusema "niko sawa", hatuwaamini. Kwetu tumekubaliana mtoto asimwamshe mama kabla ya saa 8 mchana. Vita vilipungua nusu.

Mkunga Mstaafu

Wanangu, nimestaafu nikiwa na miaka 60, na sikuipenda kazi hii kila mwaka. Kuna miaka niliichukia. Kilichonisaidia ni kuhama wodi kabla sijahama kazi. Leba iliponizidi nikaomba chumba cha upasuaji, nikakaa huko, baadaye nikarudi leba mwenyewe bila kulazimishwa. Uuguzi ni nyumba yenye vyumba vingi, msichome yote kwa sababu ya jiko. Kuna utoaji wa dawa ya usingizi, kuna afya ya akili, kuna watoto njiti, kuna kufundisha. Kozi ya usingizi pale hospitali ya KCMC, Moshi, imewapa manesi wengi maisha mengine.

Na wewe mleta mada, dua ile hukuisikia lakini ilisemwa. Umri wako bado. Ila kwa mwajiri anayekata watu bili ya mtoro, usirudi hata akikuongezea.

Mleta mada

Shikamoo mama. Nimesoma yote, mengine nimesoma mara mbili. @Sista wa Zahanati umenigusa, maana nikikumbuka vizuri, hospitali pekee niliyokaa muda mrefu ni ile niliyokuwa na metroni mmoja mkali sana ambaye daktari akitufokea, yeye ndiye aliyekuwa anamjibu. Alipohama yeye, na mimi nikahama. Sikuwahi kuunganisha hayo mawili.

Nimeitwa usaili wiki ijayo, hospitali ya kanisa nje ya mji, kitengo cha watoto njiti. @Afisa Rasilimali Watu, wakidai niwaachie vyeti halisi nijibuje?

Afisa Rasilimali Watu

Nenda na halisi wavione, uwaachie nakala zilizothibitishwa na wakili, urudi na zako nyumbani. Na kabla hujasaini, omba uonyeshwe ratiba ya zamu ya mwezi uliopita. Hesabu majina ya usiku.