Naomba ushauri: simulizi za Majimaji jukwaani

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi. Nina kikundi kidogo cha maigizo hapa Songea. Tunaandaa igizo la Vita vya Majimaji, hasa tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani walipowanyonga viongozi wa Wangoni. Tumesoma vitabu vya historia, tukarekodi na simulizi za wazee sita.

Shida ni kwamba mazoezini igizo linageuka mhadhara. Waigizaji wanataja miaka na majina kama wanajibu mtihani. Tulijaribu kuingiza lizombe, ngoma ya Wangoni, katikati. Ngoma ikapendeza, hadithi ikakatika. Kilichotunyamazisha wote ni sauti ya bibi mmoja tuliyemrekodi kwa simu: anafika kwenye kitanzi, ananyamaza, kisha anaanza kuimba kwa Kingoni. Yeye sitaki kabisa apotee.

Je, maneno yake tuyaseme yalivyo, au mwandishi anaweza kuyafupisha na kuyaunganisha na ya wengine? Na wazee wawili hawakubaliani nani alisaliti: mliowahi kufanya kazi kama hii, mlionyesha masimulizi yote mawili au mlichagua moja? Tunapanda jukwaani baada ya wiki tano. Natanguliza shukrani.