Chokoleti ya boga isiyo na sukari nyingi, bila oveni: nisaidieni

BintiMikindani
Assalaam alaykum wapishi, na shikamooni wakubwa. Mdogo wangu yuko masomoni Ujerumani. Kuanzia Septemba mpaka Novemba, majani yanapopukutika huko, kila mgahawa una kitu cha boga, na yeye hachoki kunirushia picha. Kilichonivutia ni vipande vidogo vya boga na chokoleti. Nataka kuwatengenezea watoto wanaporudi madrasa, ila wasijazwe sukari, maana biskuti tu zinawatosha. Nina jiko la mkaa, kinu, na friji dogo. Boga ninalo, la Newala, ganda gumu, limekaa uvunguni tangu mavuno. Jirani ananishauri niyeyushe chokoleti ya kipande nichanganye na boga lililochemshwa. Itashika kweli?

MamaVitafunwa_Shangani
Marahaba mwanangu. Jirani ana nia njema, lakini hapo pa kuchanganya usimfuate. Chokoleti iliyoyeyuka na maji kidogo havipatani. Ndani yake mna sukari na chembe za kakao zilizozungukwa na mafuta. Yakiingia matone ya maji, chembe zinashikana na chokoleti yote inakuwa kama udongo mkavu. Na boga, hata lile la unga unaloliona kavu, sehemu yake kubwa ni maji. Kwa hiyo chokoleti ya kipande iache dukani. Tumia unga wa kakao mtupu, na nguvu zako zote ziweke kwenye kulikausha boga.

Likate vipande vikubwa, toa mbegu uziweke kando, kisha lipike kwa mvuke pamoja na ganda lake. Usilitose majini kama unapika futari, litalowa zaidi. Likiiva, kwangua nyama kwa kijiko, ponda, na kama lina nyuzinyuzi lipitishe kwenye chujio. Pima vikombe 2. Rudisha kwenye sufuria nzito, bila maji wala mafuta, moto wa makaa yaliyopungua, na ukoroge kwa mwiko. Hapa ndipo wengi wanapochoka mapema. Mwanzoni litarukaruka, jihadhari na mikono. Baadaye litatulia, rangi itakolea, na ukipitisha mwiko chini ya sufuria njia itabaki wazi, boga halirudi kuiziba. Likifika hapo litakuwa limebaki kama kikombe 1. Lionje sasa! Maji yameondoka na utamu umebaki wote. Mimi sukari naipunguza hapa, kwenye mwiko.

Liache lipoe kabisa. Korosho nunua za vipande, zilizobanguliwa tayari. Bei yake ni nafuu kuliko nzima, na zikishaingia kwenye kinu hakuna atakayejua. Zikaange kavu mpaka zinukie, zipoe, ndipo uzitwange, kikombe 1 na nusu. Ukizitwanga za moto zitatoa mafuta mapema na utapata siagi ya korosho, nzuri kwa mkate lakini si kwa kazi hii. Tende laini 10, toa kokwa, ponda. Changanya vyote na vijiko 4 vya chakula vya kakao iliyochekechwa, nusu kijiko cha chai cha mdalasini, tangawizi kavu kiasi hichohicho, karafuu ya unga kidogo sana, kungumanga ya kukwangua, na chumvi kidogo. Chumvi usiiache, ndiyo inayoitoa ladha ya kakao. Hao wa Ulaya na Marekani viungo wanavyovisifia kwenye boga ni hivihivi tulivyonavyo sisi kwenye pilau na chai.

Finyanga vipira vya kutosha tonge moja, viweke kwenye friji masaa mawili. Kama mchanganyiko unanata mikononi, ongeza korosho, usiongeze kakao. Ikizidi itakuwa chungu na watoto watakurudishia sahani.

Ufuta_Lindi
Dada umeeleza vizuri sana. Huku Lindi mimi ningevigaragaza kwenye ufuta uliokaangwa, unapendeza kwa macho na unapasukapasuka mdomoni. Halafu swali: kwa nini asiyeyushe mafuta ya nazi, akatia kakao, akavichovya vipate ganda la chokoleti? Nimeona watu wanafanya hivyo.

MamaVitafunwa_Shangani
Ufuta naunga mkono kwa mikono miwili, kaka yangu. Lakini ganda la mafuta ya nazi ni la nchi za baridi. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na wewe unayajua majira yetu ya Oktoba. Ukitoa sahani kwenye friji, kabla hujawaita watoto ganda limeshakuwa mchuzi. Chokoleti halisi ina nafuu kidogo, mafuta yake ya kakao huyeyuka karibu na nyuzi 34, lakini nayo mchana wa Mtwara inalainika mkononi. Vigaragaze kwenye ufuta, au nazi iliyokunwa ikakaangwa kavu mpaka ikawa ya dhahabu. Vitakaa mezani bila kumwaibisha mtu.

Nesi_Masasi
Naomba niongeze la afya, kwa sababu neno "bila sukari" linawapoteza watu. Tende ni sukari. Ina nyuzinyuzi, sawa, lakini sukari yake ni nyingi, na mgonjwa wa kisukari akila vipira hivi ahesabu kama sehemu ya wanga wa mlo wake, asiviongeze juu ya sahani ya wali. Kwa watoto nimeipenda sana njia hii. Ile rangi ya chungwa ya boga mwili huigeuza kuwa vitamini A, na huifyonza vizuri zaidi panapokuwa na mafuta, ambayo korosho inayo karibu nusu ya uzito wake. Kwa sababu hiyohiyo kipira kimoja kinashibisha. Viwili kwa mtoto vinatosha. Na mwenye mtoto anayedhurika kwa korosho au karanga asijaribu kabisa. Ufuta nao huwadhuru baadhi, aulize kwanza.

BintiMikindani
Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Nimepita dukani nikakuta kopo la unga wa chokoleti wa kunywa, la kakao tupu sikuliona. Linafaa? Na vitakaa siku ngapi?

MamaVitafunwa_Shangani
Halifai mwanangu, rudi usome nyuma ya kopo. Neno la kwanza kwenye orodha ndilo lililo jingi zaidi, na kwenye unga wa kunywa mara nyingi utakuta ni sukari, kakao inafuata nyuma. Tafuta lililoandikwa kakao peke yake. Kama una ndugu anayepita Mbeya, muagize unga wa kakao ya Kyela. Kule inalimwa, na ukipata iliyosagwa karibuni harufu yake utaisikia hata kabla hujafungua mfuko.

Kwenye friji vitakaa siku tatu, umevifunika. Boga huchacha haraka, na umeme ukikatika usiku kucha usibahatishe kwa kunusa, vitupe. Ukitaka kufinyanga kidogokidogo, tenga boga lililokaushwa kwenye mifuko uligandishe kama friji lako lina sehemu ya barafu. Tende ukiona 10 ni nyingi anza na 6, onja, maana boga lako limekaa muda na huenda limeshakuwa tamu lenyewe. Na zile mbegu zioshe, zianike, zikaange na chumvi. Watoto wazimenye wakati unakoroga.