Mjadala: Je, kanisa kongwe la misheni limulikwe usiku kucha?

Ndugu waumini na wakazi wenzangu wa Tabora, pendekezo lililo mbele yetu ni kufunga kwenye mnara wa kengele taa sita za wati 200, zenye mwanga mweupe wa kelvini 6,500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), ziwake tangu magharibi hadi alfajiri. Sipingi kanisa letu kuwekewa taa. Ninachokipinga, tena kwa moyo wote, ni aina ya taa hizi na mahali zinapokusudiwa kufungwa.

Jambo zito zaidi ni mnara wenyewe. Matofali yake ya zamani ni laini na yamejengewa chokaa. Yakitobolewa ili kupitisha boliti, maji ya mvua yatapenya katika matundu hayo, na fundi akija kuyaziba kwa saruji ngumu, tofali litaanza kumeguka kandokando. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, ilhali Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walifika Ujiji mwaka 1879. Kwa hiyo makanisa waliyoyajenga huku kwetu hayana kinga hiyo mpaka yatangazwe rasmi, na hadi siku hiyo walinzi wa kuta hizi ni sisi. Taa zisimame chini, kwenye nguzo fupi zisizogusa ukuta.

Kuhusu mwanga, tofali jekundu linapendeza likimulikwa na mwanga wa manjano wa kelvini 2,700 hivi, nao ukipita ubavuni mwa ukuta huonyesha kina cha matao, ambacho mwanga mkali wa mbele hukifuta. Mwanga mweupe wenye samawati nyingi huvuta pia wadudu zaidi, na sote tunajua kumbikumbi wa mvua za kwanza wanavyojaa milangoni.

Waliosema taa kali zitazuia wezi wafikirie vivuli vizito vinavyozaliwa nyuma ya mwanga huo. Wakumbuke na LUKU, umeme tunaoulipia kabla ya kuutumia: taa hizo zikiwaka kwa muda wa saa 11 kila usiku ni uniti 13.2, yaani 396 kwa siku 30.

Naomba kamati iazime taa mbili, izijaribu usiku mmoja sote tukitazama, ndipo inunue. Ngazi za mlango mkubwa ni suala jingine: wazee wanaowahi misa ya alfajiri wanazipanda gizani, na taa ndogo yenye kofia ifungwe hapo hata wiki hii.