Mtoto anayekimbiza mwanga ukutani

Swali: Binti yangu wa miezi 20 hukimbiza mwanga ambao kioo huuakisi ukutani, kisha hulia anaposhindwa kuushika. Je, nimwache aendelee?

Jibu: Mwache, ndugu yangu, kwa sababu anapogundua kwamba mwanga husogea kila kioo kinapogeuzwa, anajifunza kwa mikono yake mwenyewe uhusiano wa tendo na tokeo. Mpe kioo kisichovunjika, nawe uhakikishe hatazami jua.

Jibu: Watoto wengi huanza kujitambua kiooni kati ya miezi 18 na 24, hivyo mpake rangi juu ya pua bila yeye kujua, kisha mwoneshe kioo, uone atagusa pua yake, yaani amejitambua, au atagusa kioo.

Jibu: Bandika dirishani plastiki angavu za manjano na buluu, moja juu ya nyingine; mtoto wangu alipoona kijani kimezaliwa hapo, alizitenganisha na kuziunganisha asubuhi nzima.