Tupeane uzoefu: Jumapili ya redio nchini Uingereza, miaka ya 1950

Mwanzisha mada (Leicester)

Habari zenu, ndugu. Wiki iliyopita nilikuwa namsaidia jirani yangu, mzee wa miaka 85, kutoa vitu darini, tukakuta redio ya valvu yenye sanduku la mbao, ambayo kioo chake kimeandikwa majina ya stesheni: Light, Home, Third, Luxembourg. Mzee aliweka kidole juu ya neno Light akasema kwamba hiyo ndiyo ilikuwa Jumapili yao. Kwa wasioijua, Light Programme ilikuwa idhaa ya burudani ya BBC, iliyoanza Julai 1945 na kusikika katika masafa marefu ya mita 1500. Naomba waliokuwepo wakati huo, au waliosimuliwa na waliokuwepo, watueleze siku hiyo ilikwendaje. Habari za televisheni tuziweke kando.

Mzee wa Pangani

Nilifika London mwaka 1957 kusomea ualimu, nikiwa na umri wa miaka 20, nikapanga chumba kwa mama mmoja mjane. Siku za kazi redio ilikuwa yake peke yake, lakini Jumapili wapangaji wote watatu tuliitwa mezani, na tangu hapo hakuna aliyetazama saa ya ukutani, kwa kuwa vipindi vyenyewe vilitosha kutuambia nyama imefikia wapi katika tanuri.

Saa sita mchana kilianza Family Favourites, ambacho kwa lugha yetu ni kipindi cha salamu: familia zilizokuwa Uingereza ziliwaombea nyimbo vijana wao walio jeshini Ujerumani, na vijana nao wakawaombea mama zao na wachumba wao. Mtangazaji mmoja alikuwa London na mwenzake Ujerumani, wakizungumza kupitia laini ya simu. Mama mwenye nyumba hakuchoka kutusimulia kwamba Jean Metcalfe wa London na Cliff Michelmore wa Hamburg walianza kujuana kwa sauti tu katika laini hiyo, kisha mwaka 1950 wakaoana. Alilieleza jambo hilo kana kwamba yeye ndiye aliyekwenda kuposa.

Saa saba u nusu Billy Cotton, kiongozi wa bendi, alipiga ukelele wake wa kuamsha watu, bendi ikalipuka, na hapo ndipo nyama ilipokatwa. Kabichi ilikuwa imechemshwa hadi imepoteza rangi, lakini hilo si kosa la redio.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni Educating Archie, ambacho nilikikuta kikielekea ukingoni. Nyota wake alikuwa mwanasesere wa mbao, naye Peter Brough, aliyemsemea, sifa yake ilikuwa kusema bila kuchezesha midomo, tena redioni, ambako hakuna anayeiona midomo hiyo! Niliuliza mezani kwa heshima zote ni nani anayehakikisha kwamba midomo haichezi. Walicheka sana, lakini jibu sikupewa.

Binti Saidi (Nottingham)

Shikamoo, Mzee. Mimi ninahudumia wazee katika nyumba yao ya kulelewa, na bibi mmoja hapa amenisimulia habari ya hicho kipindi cha salamu. Kaka yake alikuwa Ujerumani akitimiza utumishi wa lazima wa jeshi, basi mama yao akatuma kadi ya posta kumwombea wimbo, na kwa majuma kadhaa nyumba nzima ikawa inakaa kimya kuanzia saa sita. Jumapili jina lao liliposomwa, birika lilikuwa linapiga mluzi jikoni, wasisikie neno hata moja. Walipata habari kwa jirani aliyekuja mbio huku amevaa aproni, akawaimbia wimbo wenyewe pale mlangoni. Bibi anasema kaka yake, aliyeusikia vizuri kambini, hakuambiwa kamwe kuhusu birika.

Mkwe wa Wales

Ndugu zangu, msidhani nyumba zote zilikuwa hivyo. Baba mkwe wangu alizaliwa kijijini Wales, na baba yake alikuwa shemasi. Kwao redio ya Jumapili ilikuwa ibada, na usiku saa mbili u nusu Sunday Half Hour, kipindi cha waumini wakiimba tenzi. Mengine yote yalikuwa dhambi. Msimamo huo haukuwa wa shemasi peke yake, kwani kabla ya vita John Reith, mkuu wa BBC, aliifanya Jumapili iwe siku nzito kwa makusudi, na wasikilizaji wengi wakahamia Radio Luxembourg, stesheni ya biashara iliyotangaza kutoka nchi ya Luxembourg, iliyowapa muziki. Kijiji hakikuwa na umeme, kwa hiyo kazi ya mtoto ilikuwa kupeleka betri ya asidi dukani ikachajiwe. Anakiri kwamba alikuwa akiimaliza chaji kwa siri usiku kwa Luxembourg, halafu tenzi za Jumapili iliyofuata zikakatika katikati ya ubeti.

Mzee wa Pangani

Marahaba, binti yangu. Mkwe wa Wales amenikumbusha kwamba nasi tulikuwa na siri yetu. Saa tano usiku, mama akishalala, tuliishusha sauti na kutafuta mita 208 tusikilize nyimbo ishirini bora za Luxembourg. Masafa ya kati hufika mbali usiku kwa kudunda angani, ndiyo maana sauti ilikuja na kupotea kama mtu anayezungumza akiwa juu ya bembea, na mara nyingi ilipotea wimbo ulipokolea.

Matangazo ya biashara, ambayo BBC haikuwa nayo, hayakupotea hata kidogo. Bwana Horace Batchelor aliuza mbinu ya kubashiri matokeo ya mpira, na kila alipotoa anwani yake alitaja mji wa Keynsham herufi moja moja: K-E-Y-N-S-H-A-M. Mwaka 1959 nilipanda treni kwenda Bristol, nikaona kibao cha stesheni hiyo kikipita dirishani, nikajikuta nakisoma herufi kwa herufi kwa sauti. Mama aliyeketi mbele yangu, bila kuinua macho kwenye ufumaji wake, akanimalizia mbili za mwisho.