Tupeane uzoefu: ulikaaje kijijini kipindi cha kujitenga bila kuchanganyikiwa?

Mkulima wa Jioni

Habari za jioni wadau. Kila ikitajwa 2020 watu wanakuja na stori za mjini, mara series, mara mazoezi sebuleni, mara kikao cha Zoom umevaa shati juu na bukta chini. Sisi tuliokuwa kijijini hatuulizwi, utadhani korona ilipita tu barabara ya lami.

Naanza na yangu. Nipo Njombe vijijini. Mwisho wa Machi 2020 kazi ya Dar ilisimama nikaona nirudi home, ila mzee ni mtu mzima na ana sukari, na njiani nimebanana kwenye basi na watu siwajui. Serikali ilikuwa inawaweka siku 14 waliotoka nje ya nchi, ila wa kutoka mkoa kwenda mkoa hakuna aliyekuuliza. Tukakubaliana kifamilia nikae kile kijumba cha nje tunachohifadhia mahindi, wiki mbili hizo hizo. Mdogo wangu analeta chakula anaweka kwenye kigoda, anarudi hadi kwenye mparachichi, ndo natoka kuchukua. Mama anaongea na mimi kwa sauti ya juu toka jikoni hadi majirani wote wanajua nimekula nini.

Kazi nilipata. Nilichonga mipini. Majembe, mashoka, nyengo, mpaka mipini ya majirani, wanaleta wanaacha chini ya mti na mimi nikimaliza naacha pale pale, hela wanamtumia mama kwa simu. Nikajenga kibuyu chirizi cha kunawia mikono mlangoni na kingine chooni. Redio asubuhi taarifa ya habari basi, baada ya hapo naizima maana ukiisikiliza kutwa unaanza kujihisi una homa.

Tatizo halikuwa cha kufanya, kijijini kazi haiishi hata uwe umelala. Kilichonitesa ni watu. Ulikuwa msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, nasikia vicheko vya klabuni kikombe kinazunguka na mimi nipo nachonga. Halafu siku ya ngapi sijui jirani yetu akafiwa na mama yake. Huku kwetu kutokwenda msibani sio jambo la kusema "samahani nilibanwa", watakukumbusha siku na wewe ukifiwa. Nikampigia mfiwa mwenyewe nikamweleza, nikampigia na mwenyekiti wa kitongoji, nikatuma unga na sukari kwa mdogo wangu, na usiku nikakaa nje ya kijumba nimewasha moto kwa sababu wao pia walikuwa wamewasha. Yule mfiwa mpaka leo hajaniwekea neno.

Sasa kwa nini nauliza. Shemeji yangu kaanza dozi ya TB, wamemwambia hizi wiki za mwanzo asilale chumba kimoja na watoto na akae penye hewa. Dozi yenyewe miezi sita. Ni mtu wa kazi na wa watu na naona ameanza kunyong'onyea. Tupeane uzoefu, ulifanya nini, kipi kilikusaidia na kipi kilikuwa kupoteza muda tu.

Pwani Mchangamfu

Salaam. Mie ni wa Magarini, Kilifi kaunti. Nlikuwa nafanya kazi hoteli Malindi, ikafungwa Machi hiyo hiyo, nikarudi kwetu ndani ndani huko nikifikiri ni wiki mbili tatu. Tarehe 8 Aprili tukafungiwa, Kilifi, Kwale na Mombasa hutoki huingii, na kafyu saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ilikuwa ishaanza tangu 27 Machi. Ndugu yangu mvuvi ndo aliumia zaidi maana samaki wengine wavuliwa usiku, sasa utamwambia polisi ulikuwa waenda kutega?

Tulivyokaa sasa. Mvua ya masika ilikuwa yaanza kwa hiyo mchana ni shamba, mahindi, kunde na pojo. Mtu wa hoteli kama mimi mikono ilikuwa laini, wiki ya kwanza ni malengelenge matupu hahaha. Jioni kwa sababu ya kafyu twaingia ndani mapema mno, na hapo ndo nikajifunza kwa bibi kusuka ukili, ule utepe wa majani ya mkindu unaoshonwa kuwa mkeka. Kushona makuti nlikuwa najua tangu utotoni lakini makuti hayakuwa na mnunuzi, wanunuzi wakubwa ni mahoteli na yamefungwa. Mkeka lakini wauzika kijijini, mtu azaa, mtu aoa, mtu afa, mkeka wahitajika.

Na Ramadhani ikaingia mwezi wa nne mwishoni huko misikiti imefungwa. Babangu hajawahi kusalisha tarawehe maishani mwake, kazoea kusimama safu ya nyuma. Mwaka huo akatusalisha sisi watoto na wajukuu uani juu ya mikeka, sura fupi fupi hizo hizo azijuazo. Niulize kama nimewahi kupenda tarawehe kama hiyo.

Kitu kingine kilichosaidia, Safaricom waliondoa makato ya kutuma M-Pesa isiyozidi shilingi 1000, basi twatumiana mia mia, mia mbili, wala si za maana sana lakini mtu akikutumia mia wajua yuakukumbuka.

Mama Katogo

Stori nzuri ila naona wanaume mmejitenga na mipini na mikeka, mmepumzika kwa kweli. Nisemee na wanawake kidogo.

Mimi Kagera. Shule zilifungwa tarehe 17 Machi, siku moja tu baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa Arusha, na watoto wote wakarudi nyumbani, wangu wanne na wa dada yangu wawili waliokuwa bweni. Kujitenga kwangu kulikuwa wapi? Nilitamani hicho kijumba cha mahindi wallahi. Natoka kupika katogo asubuhi sufuria kubwa, saa sita wanauliza tena kuna nini, na maji ya kunawa nayo ni kuchota, mkiambiwa nawa mara kwa mara kumbukeni kuna mtu anayeyabeba kichwani.

Kilichoniokoa ni mambo mawili. Mwanangu mkubwa alikuwa darasa la saba, nikampa ubao wa plywood tuliupaka ile nyeusi ya ndani ya betri zilizokufa tukasaga na majani, nikamwambia wewe ndio mwalimu mkuu, saa tatu hadi saa tano unafundisha wadogo zako. Alikuwa mkali kuliko mimi, anawapa hadi adhabu ya kufagia. Shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni hakuna aliyesahau kuzidisha.

La pili ni kahawa. Ilipoanza kuiva nikasema anayeanika ni mimi peke yangu, mtu asinisogelee. Unaitandaza kwenye turubai, unaigeuza geuza, unafukuza kuku, ndio kazi yenyewe. Nilikuwa nakaa pale na redio ndogo, nikiitwa najibu "ninageuza kahawa". Nadhani ile kahawa iligeuzwa kuliko kahawa yoyote mkoani.

Kwa shemeji yako mkuu, muulizeni anataka nini jamani. Isije ikawa mnamtafutia kazi na yeye kwa mara ya kwanza amepata nafasi ya kulala.

Mkulima wa Jioni

Dada umenipiga penyewe hahaha. Shemeji ni mume wa dada yangu, fundi seremala, kulala mchana kwake ni ugonjwa wa pili. Ila nitamuuliza.

Ticha Mpakani

Mimi natoka Busia upande wa Uganda, nilikuwa nafundisha shule ya binafsi. Nyinyi wa Tanzania mlifungua Juni, Kenya wakaanza kurudisha baadhi ya madarasa Oktoba 2020, sisi tulifunga Machi 2020 na kufungua kabisa ni tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Shule ya binafsi hakuna karo hakuna mshahara, ndivyo ilivyokuwa, simlaumu mwenye shule maana naye alikuwa anauza viti.

Kwa hiyo nikisikia "kaa na mawazo mazuri" mimi nacheka. Mawazo mazuri yalikuja baada ya kula. Nilirudi kwa wazazi, nikaanza na kuku wa kienyeji wachache wa mama. Kitu kilichotufaa ni chanjo ya Newcastle, ninyi wa Tanzania mnaita kideri, tone moja kwenye jicho, unarudia kila baada ya miezi mitatu hivi. Chupa moja ni ya kuku wengi kuliko wa kwenu nyumbani, basi nikaenda kwa majirani tukachanga, nikawa mimi ndio nashika kalenda. Walimu tunajua kuweka kumbukumbu, jamani, daftari nilikuwa nalo la kila boma, kuku wangapi, wamechanjwa lini, nani hajalipa. Mwisho watu wakaacha kuniita ticha wakaniita daktari wa kuku.

Kuna wenzangu hawakurudi darasani tena. Mimi nilirudi, lakini kuku sijaacha, shule na kuku nimewaona wote wawili na ninajua nani aliyenilisha.

Kijana wa Redio

Mimi sikuwa productive na sioni aibu. Nililala, nikala ugali wa mathe, nikaangalia mvua. Ushago kwetu network ni hadi upande kile kilima cha kanisa, wenzangu wa chuo walikuwa wanapanda na daftari kila siku kufuata lecture wakitoka huko wamenyeshewa, mimi nikapanda mara mbili nikaona hii degree itanisubiri. Nilimaliza baadaye kidogo kuliko wao, basi. Nimeweka tu hii hapa mtu asidhani kila mtu alifungua biashara.

Mwana Kivu

Mie niko mtu wa Beni, Kongo. Wakati nyinyi mulianza kuogopa kupeana mikono, sisi tulikuwa tumeacha tangu mwezi wa nane 2018, kwa ajili ya Ebola. Na hiyo Ebola ilitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, kwa hiyo korona ilikuja ikatukuta bado tunaangalia ile ingine.

Ebola mtu aliyegusana na mgonjwa wanamufuata siku 21, wanakuja kumupima joto kila siku. Jirani yetu alikuwa katika orodha, akakaa kwake. Shida haikuwa njaa, chakula walileta. Shida ni jina. Watoto wa jirani hawaite tena nyumba yake kwa jina lake, wanasema "kule kwa ugonjwa". Mama yangu akafanya kitu kimoja, kila asubuhi akipita kuenda kwenye soko anasimama pa njia, mbali, anamusalimia kwa jina lake na jina la baba yake, kwa sauti, watu wote wasikie. Anauliza umelalaje, watoto wamelalaje, unahitaji chumvi? Kisha anaenda. Na siku zilipoisha yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuingia na kukaa kwenye kiti chake.

Ndugu, shemeji yako usimutafutie kazi tu. Angalia majirani wanamuita nani.

Mhudumu Ngazi ya Kijiji

Huyo wa Beni kasema nilichotaka kusema. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, wagonjwa wa TB nimefuatilia wengi. Kwa shemeji: TB inaenea kwa hewa ya ndani iliyojifungia, kwa hiyo mchana asijifungie chumbani, atoke akae nje chini ya mti, hapo anaweza kuongea na watu vizuri tu wakiwa wamekaa mbalimbali, afunike mdomo akikohoa. Sahani na kikombe hakuna haja ya kumtengea, haiambukizi hivyo, na kumtengea ndio kunamvunja moyo. Dawa saa ile ile kila siku asiruke hata akijisikia amepona, mpate mtu mmoja wa kumkumbusha. Wiki hizo zikiisha asijitoe mwenyewe, asubiri kliniki wamwambie.

Vumbi la mbao kwa sasa apumzike nalo, la kupiga randa na msasa. Anakohoa bado.

Mama Katogo

Na sabuni ya maji je? Kipindi kile vikundi vya akina mama huku tulitengeneza sana, unakaa nje, haina vumbi.

Mkulima wa Jioni

Sabuni harufu ya sulphonic, ile asidi ya kutengenezea, nayo si kali kwa kifua?

Mama Katogo

Kweli ni kali, basi aache mpaka apone. Akipona anitafute, siri ni chumvi mnaiweka mwisho kidogo kidogo ndio inaifanya iwe nzito, mkizidisha inarudi kuwa maji na hela imeenda.

Mkulima wa Jioni

Nimempigia leo. Sahani wameacha kumtengea, dada alikuwa hajui. Kasema kazi anataka, ya mikono, na asionekane amekaa kama mgonjwa. Pwani Mchangamfu, huo ukili mtu mzima anaweza kujifunza? Mikono ya seremala ni mizito.

Pwani Mchangamfu

Aweza sana, mikono mizito ndo mizuri, yabana. Huko Njombe sijui kama mna mikindu, lakini hata majani ya aina nyingine marefu yasiyokatika yafaa kujifunzia. Akate machanga, ayaanike mpaka yapoteze ukijani, ayachane sawasawa, na kabla ya kusuka ayaloweshe kidogo yasivunjike. Aanze na ukili mwembamba, asikimbilie mkeka, kwanza asuke urefu wa kuzunguka nyumba ndo aanze kufikiria kushona. Watoto wakae upande ule wa pili wa uwanja wamchanie majani, hiyo ni kazi ya watoto. Bibi yangu asema asiposuka vizuri mara ya kwanza afanye kamba ya kufungia mbuzi.