Tupeane uzoefu: suruali za mlegezo, modo na pekosi ziliwahi kukuponza wapi?

Mwenye mada: Jana ndani ya daladala kijana wa mlegezo alikuwa ameshika bomba kwa mkono mmoja na suruali kwa mkono wa pili, huku kondakta akimdai nauli. Wenye visa vyao waviweke hapa.

Mkazi wa Temeke: Mimi iliniponza modo. Siku ya kujitambulisha ukweni nilivaa modo nyeusi niliyoichagua mwenyewe kwenye mitumba ya Karume, iliyobana kuanzia kiunoni hadi kifundoni, pamoja na fulana iliyoishia kwenye mkanda. Tulikaribishwa mkekani. Nilipokunja miguu, mshono wa nyuma uliachia kwa sauti iliyomfanya baba mkwe aache kutafuna tende. Nilikataa maji, nikakataa kuonyeshwa shamba, lakini ilipoadhiniwa adhuhuri wanaume wote walisimama kwenda msikitini, nami nikabaki pale kama kigingi. Shangazi wa binti, bila kuuliza neno, alinirushia kikoi. Mpaka leo ukweni naitwa Bwana Kikoi.

Dada wa Tandika: Modo haina rafiki.

Mzee wa Pekosi: Ninyi mnacheza. Kuanzia Januari 1969, Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU ilipiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana Dar es Salaam, na kaka yangu akawa anapita vichochoroni kwa ajili ya pekosi yake.

Mkosoaji: Mzee wangu, shikamoo, lakini pekosi zilitamba miaka ya 1970, tena chini zilimwagika hadi zikafagia barabara. Usizichanganye na hizo za kubana.

Mzee wa Pekosi: Marahaba. Zilibana palepale palipompasukia huyu bwana.

Fundi Cherehani: Modo haina kosa, kosa ni uzi. Kabla hujaivaa, mpelekee fundi airudie mishono ya nyuma mara mbili.

Dada wa Tandika: Bwana Kikoi, binti ulipewa?

Mkazi wa Temeke: Nilipewa, na mahari haikupunguzwa hata senti.

Mpita Njia: Vaeni bukta ndani, ugomvi uishe.

Fundi Cherehani: Modo inayoruhusu bukta ndani hiyo ni bwanga, kaka. Usiwapotoshe wateja wangu.